Namna ya Kupima Unene wa Miti Katika Nyika za Dodoma

Katika yote anayojifunza mwanafunzi wa misitu, naamini kupima unene wa mti uliosimama ndiko kunakostahili subira kubwa zaidi, kwa kuwa makadirio ya mbao, kuni na kaboni yote huanzia hapo.

Unene hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Zungushia shina utepe ukiwa umenyooka na kubana, kisha gawa mzingo kwa 3.14, mzingo wa sentimita 94.2 ni kipenyo cha sentimita 30. Kipenyo hicho kikiongezeka kwa sentimita 1 tu, eneo la mkato wa shina litaongezeka kwa takriban asilimia 7.

Misindano ya Sao Hill, shamba la miti la mkoani Iringa, hupimika kwa urahisi, lakini migunga ya Dodoma hutoa matawi karibu na ardhi na mara nyingi huinama. Shina likigawanyika chini ya mita 1.3, kila tawi hupimwa kama mti wa peke yake. Likigawanyika juu ya hapo, ni mti mmoja. Penye mteremko, simama upande wa juu. Mti ulioinama hupimwa kwa kufuata shina, upande ulioinamia, na penye uvimbe utepe hupandishwa hadi shina linaporudia umbo lake la kawaida. Mbuyu uandikwe kando, kwani mara nyingi huwa na uwazi ndani, na mzingo wake hauonyeshi wingi wa mti wenyewe.

Ukipima ploti (kipande cha ardhi kinachopimwa miti yake) ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 15, kila mti unawakilisha takriban miti 14 kwa hekta. Umbali huo ni wa mlalo, si wa kufuata mteremko, hivyo kwenye mteremko wa nyuzi 20, kamba ivutwe hadi karibu mita 16. Anzia kaskazini, fuata mwendo wa saa, na utie chaki kila shina upande unaotazama katikati.

Vipimo hivi huwa na thamani vinaporudiwa. Huko Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979, uoto ulirejea kwenye vilima vilivyokuwa vimemomonyoka; kasi ya urejeaji wa namna hiyo hujulikana tu pale anayepima leo anapoweka utepe alipouweka mwenzake wa awali. Kwa hiyo andika mahali pa katikati ya ploti, kimo kilichopimwa kama si mita 1.3, na jina la mti kwa Kigogo au Kirangi kama wenyeji wanavyolitaja, pamoja na sampuli ya majani, maana jina mgunga hubeba aina nyingi.