Kupima kemikali za plastiki kwa watoto wadogo: anza na mkoba wako

Ukipewa kazi ya kukusanya mkojo wa watoto Mbagala au Tandale, jijini Dar es Salaam, ili upimwe kemikali za plastiki, kitu cha kwanza kukagua ni mkoba wako mwenyewe. Losheni uliyojipaka asubuhi, glovu za vinili, risiti ya mashine ya dukani (EFD) uliyoisokomeza mfukoni: vyote hivyo vinaweza kuwa na kemikali zilezile unazozitafuta kwa mtoto. Mimi ni muuguzi, siku hizi nasimamia wakusanya sampuli, na wanaoanza nawaambia mapema kwamba siku ya kazi hakuna manukato wala losheni, glovu ni za nitrili zisizo na poda, na risiti haishikwi mpaka kikopo kimefungwa. Karatasi nyingi za risiti zinazochapwa kwa joto hupakwa bisfenoli, mojawapo ya kemikali hizo, nayo huhamia vidoleni kirahisi. Mashine ya maabara haijui mkojo wa mtoto ni upi na kidole chako ni kipi.

Makundi mawili ndiyo yanayopimwa zaidi. Bisfenoli hutumika kwenye plastiki ngumu inayong'aa kama kioo na kwenye rangi ya ndani ya makopo ya chakula. Ftalati hulainisha PVC, yaani kapeti la plastiki la sebuleni, midoli laini na mipira ya maji. Iko ftalati moja, ile ya daiethili, ambayo mara nyingi huja na manukato ya poda na mafuta ya kujipaka, kwa hiyo usiishie kwenye vyombo vya jikoni. Omba kuonyeshwa na mafuta anayopakwa mtoto.

Kemikali hizi hazikai mwilini. Nusu ya bisfenoli A, ile inayojulikana zaidi, hutoka kwa muda wa takriban saa sita, na ndani ya siku moja karibu yote imekwisha kwenda. Maana yake mkojo wa leo asubuhi unakusimulia jana tu. Mtoto aliyekula mihogo na chipsi za moto kwenye plastiki ufukweni Coco Jumapili jioni hatakuwa na mkojo wa aina moja Jumatatu na Alhamisi. Sampuli moja ni picha ya bahati. Chukua angalau tatu kwa siku tofauti, na mojawapo ifuate mapumziko ya mwisho wa wiki, maana ndipo watoto wanapokula nje au kupelekwa kwa bibi.

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kiwe mkononi, na kama sampuli zitapimwa nje ya nchi, mkataba wa kuzisafirisha uwe umesainiwa kabla hujagonga mlango wa mtu. Pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, umpate na mjumbe wa kukuongoza. Lakini karatasi peke yake haifungui nyumba. Mkojo wa mtoto haukabidhiwi mgeni hivihivi, na hadithi za mumiani bado zinazunguka. Mara nyingi anayeuliza ni bibi, tena anauliza huku anachagua mchele bila kukutazama: "Mwanangu, huo mkojo wa mjukuu wangu unaenda kufanyiwa nini huko?" Shikamoo kwanza, kisha mjibu yeye kabla ya mama. "Tunapima kemikali tu, bibi. Damu hatuchukui. Kwenye kikopo tunaandika namba, jina haliandikwi, na kinachobaki kinateketezwa." Akitaka kukushuhudia unavyofunga kikopo, mpishe asogee.

Kikopo kiwe cha polipropilini, namba 5 ndani ya pembetatu kwenye kitako, na kiwe kimetoka kwenye boksi ambalo maabara imelipima kabla. Mtoto anaogeshwa kwa maji matupu. Sabuni yenye harufu na vitambaa vyenye unyevu vya dukani viache. Anayekaa poti, weka bakuli safi la stili ndani ya poti yake, asikojolee plastiki unayoijaribu kuikwepa. Kwa wale wa pampasi kuna timu zinazoweka pamba na kuikamua kwa bomba la sindano. Inawezekana, lakini pamba na bomba lazima vipimwe peke yake kwanza. Mimi napenda kukinga mkojo ukitoka. Mama anamshika mtoto mapaja wazi, anampigia ule mluzi wa "psii, psii" ambao kila mama wa hapa anaujua, na wewe umechuchumaa na kikopo, umenyamaza. Mkojo ukichelewa, chovya gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwenye maji baridi usugue taratibu chini ya kitovu kwa kuzungusha. Madaktari wa Melbourne walilijaribu hilo wakachapisha 2017, na watoto waliosuguliwa walikojoa mapema kuliko wengine. Muda mzuri ni baada ya kunyonya au uji.

Kwa kila sampuli kumi hadi ishirini, mimina maji safi ya maabara kwenye kikopo kilekile, palepale uani, kisha ufunge na upeleke kama mkojo. Hiyo ni sampuli tupu. Ikirudi na ftalati ndani yake, tatizo halikutoka kwa mtoto. Kwa sababu hiyohiyo maabara nzuri haipimi ftalati yenyewe. Inapima kile inachokuwa baada ya mwili kuivunja, kwa kuwa ftalati nzima iko kila mahali, hata hewani mwa maabara.

Kabla ya kugandisha, pima uzito wa mkojo kwa refraktomita, kifaa kidogo kinachoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani kuliko maji. Tone moja la maji safi lisome 1.000, kisha tone la mkojo. Watoto wa Dar mwezi Februari hukojoa mkojo mzito, na usiporekebisha utadhani wana kemikali nyingi kuliko walizo nazo. Hesabu yenyewe ni hii: mkojo umesoma 1.010 na wa kati katika kundi lako ni 1.020, basi kiasi kilichopatikana unakizidisha kwa mbili, kwa sababu 0.020 ukigawa kwa 0.010 ni 2. Wengine hurekebisha kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, lakini hiyo inategemea misuli, na mtoto wa miaka miwili misuli yake bado kidogo, kwa hiyo kwa umri huu refraktomita ndiyo naiamini.

Sampuli zinasafiri kwenye deli lenye barafu, kisha friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi. Umeme hukatika, tena usiku. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache ndani ya friza. Ukiikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka ikaganda tena bila wewe kujua.

Dodoso ndilo linalonitesa kuliko mkojo. "Je, mtoto anatumia vyombo vya plastiki?" ni swali bure, kila nyumba itasema ndiyo. Uliza saa kwa saa. Jana alipoamka alikunywa nini? Uji ulitoka sufuriani ukaingia kwenye nini? Ulikuwa unatoa moshi au ulishapoa? Joto na mafuta ndivyo vinavyokamua kemikali kwenye plastiki, kwa hiyo jagi la uji wa moto lina maana kuliko ndoo ya maji ya baridi iliyo pembeni yake. Uliza na moshi: mkaa mliuwasha na mafuta ya taa, karatasi au kifuko cha plastiki?

Kuna pia bangili za silikoni, zilizoanza kutumika hivi mwaka 2014 kutoka Chuo Kikuu cha Oregon State. Huvaliwa takriban wiki, hunasa kemikali za hewani na za ngozi, ila za kwenye chakula hazinasi. Mtoto anayetafuna kila kitu, mvishe mguuni kama kikuku. Waeleze majirani pia, wasije wakaiona hirizi.

Majibu yakitoka, mama atauliza: "Imezidi?" Usimpe jibu la ndiyo au hapana, maana wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha bisfenoli A ambacho mtu anaweza kula kila siku bila wasiwasi mara 20,000, hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya uzito kwa siku. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ikapinga na kupendekeza nanogramu 200. Mwonyeshe mtoto wake yuko wapi kati ya watoto mliowapima, kisha fungueni dodoso lake pamoja mtafute jambo moja la kubadilisha. Mwaka 2011 familia tano za eneo la San Francisco zilikula kwa siku tatu chakula kisichopita kwenye kopo wala plastiki, na bisfenoli A ikashuka kwa wastani wa asilimia 66. Kama bajeti yako inaruhusu kikopo cha nne, kiweke hapo, siku tatu baada ya uji kuhamia bakuli la bati.