Kulea na Kufundisha Mbwa wa Sleji kwa Mbio za Masafa Marefu

Mbio za Iditarod, ambamo timu za mbwa hukokota sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, na ambazo tangu mwaka 1973 hufanyika kila Machi katika jimbo la Alaska na kumalizikia mji wa Nome kwenye pwani ya Bahari ya Bering, zina urefu wa takriban kilomita 1,600, na timu bora za siku hizi huzimaliza kwa siku nane hadi kumi. Anayeisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi ya mfugaji ni kumfundisha mbwa kukimbia. Kukimbia hakuhitaji kufundishwa sana, kwa kuwa huski wa Alaska, mbwa wa mbio hizi, huzaliwa nako. Kinachohitaji miaka ya malezi ni kumzoesha mbwa huyo kula chakula chote anachopewa hata akiwa amechoka, kulala mara tu timu inaposimama, na kuinuka tena akiwa na hamu ya kuendelea. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini inalenga mambo hayo matatu.

Kazi huanza kwa kuchagua wazazi. Huski wa Alaska si mbwa wa ukoo uliosajiliwa, bali ni mchanganyiko uliotokana na mbwa wa vijiji vya kaskazini pamoja na aina nyingine zilizoongezwa ili kupata kasi, na ndiyo maana hutambulika kwa kazi yake kuliko kwa sura. Wengi wana uzito wa kilo 18 hadi 27, kwa sababu mbwa mkubwa kuliko hapo huhifadhi joto jingi mwilini na huumiza viungo vyake upesi zaidi. Mfugaji atazame kwanza nyayo, ambazo vidole vyake vinapaswa kukaa karibu karibu na ngozi yake kuwa nene; kisha manyoya, mwendo usioyumba, na ulafi. Mbwa mwenye miguu mizuri anayechagua chakula ni hasara, na kwa maoni yangu kasoro hiyo ni mbaya kuliko upungufu wa kasi, kwa sababu kasi ya timu inaweza kupunguzwa, lakini mbwa asiyekula hawezi kulazimishwa.

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Watoto huanza kuchanjwa wakiwa na umri wa wiki sita hadi nane, hasa dhidi ya virusi vya parvo, kwa kuwa ugonjwa huo ukiingia katika boma lenye mbwa wengi unaweza kuua kizazi kizima. Baada ya chanjo na dawa za minyoo, jambo kubwa katika miezi hiyo ni kuwashika. Kila siku mtoto wa mbwa ashikwe miguu, atenganishwe vidole, afunguliwe kinywa na kulazwa ubavu, tena na watu tofauti, kwa sababu baadaye madaktari wa mifugo wasiomjua watamkagua katika kila kituo cha mbio, na mbwa anayeogopa mikono ya wageni hutumia kwa hofu nguvu alizopaswa kuzihifadhi. Susan Butcher, aliyeshinda Iditarod miaka ya 1986, 1987, 1988 na 1990, alijulikana kwa kuwa karibu na mbwa wake tangu utotoni mwao. Wakishapata nguvu, watoto hupelekwa matembezini bila kamba, wakapita kwenye vijito, magogo na theluji laini, ili wajifunze kujiamini kabla ya kufungwa kwenye kitu chochote.

Mikanda ya kukokotea huvaliwa kwa mara ya kwanza mbwa akiwa na miezi sita hadi minane. Afungwe kando ya mbwa mzee mtulivu, avute kwa kilomita mbili au tatu tu, na safari ikomeshwe angali anataka kuendelea. Asikaripiwe kwa kujifunga na kamba wala kwa kutazama nyuma. Mifupa yake bado inakua, na ingawa majira yake ya kwanza ya baridi yanaweza kumpa mazoezi mepesi, mbio za kilomita 1,600 zisubiri hadi afikishe umri wa takriban miaka miwili.

Mwaka wa mazoezi kwa mbwa wazima huanza Agosti au Septemba, kabla ya theluji kuanguka. Katika kipindi hiki timu hukokota pikipiki ya magurudumu manne ambayo injini yake imewashwa, ili dereva aweze kuwapunguzia mzigo mlimani na kuwazuia wasikimbie kupita kiasi mteremkoni. Adui wa kipindi hicho ni joto. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na huski mwenye manyoya mazito anaweza kuzidiwa na joto katika hali ya hewa ambayo mtu aliyevaa koti angeiona baridi. Kwa hiyo wafugaji wengi hawatoki halijoto inapopita nyuzi 10 hivi za Selsiasi, nao hufanya mazoezi alfajiri au usiku. Mbwa anayeyumba, au ambaye ulimi wake umepanuka na kuning'inia huku akijaribu kulala njiani, afunguliwe mara moja na kupozwa kwa maji.

Safari za kwanza ziwe za kilomita tano au sita. Umbali uongezwe polepole, hata kufikia Desemba timu ziweze kwenda kilomita 60 hadi 80 kwa mkupuo mmoja, kwa mwendo usiozidi sana kilomita 15 kwa saa. Mwendo huo unaweza kuonekana mdogo kwa mgeni, lakini ndio unaowawezesha mbwa kwenda kwa hatua za haraka zenye mpangilio badala ya kurukaruka, na hatua hizo ndizo zinazolinda mabega na vifundo vya miguu ya mbele, mahali ambapo majeraha mengi ya mbio ndefu hutokea. Kufikia siku ya mashindano, wengi hulenga kila mbwa awe amekimbia kilomita 2,500 au zaidi tangu vuli.

Umbali peke yake haujengi timu, na hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Kuanzia Novemba timu ipelekwe kulala nje, mbali na nyumbani, kwa mpangilio utakaofanana na wa mbio zenyewe: saa tano au sita za kukimbia, kisha mapumziko yenye urefu unaokaribiana na huo, kisha kukimbia tena, mchana na usiku. Utaratibu wa kusimama usibadilike kamwe. Dereva azamishe nanga ya theluji, afungue kamba za kukokotea ili kila mbwa aelewe kwamba kazi imekwisha kwa sasa, avue soksi za miguuni, atandaze nyasi kavu, ayeyushe theluji kwa jiko la alkoholi na kutoa supu ya moto yenye nyama. Miguu ikaguliwe mbwa wakiwa wamelala, na dereva ale mwisho. Utaratibu huo ukirudiwa kwa miezi kadhaa, mbwa hujikunja na kusinzia mara wanaposikia sauti ya nyasi ikitandazwa. Timu ambayo haikuzoeshwa hivyo husimama ikibweka kwa saa nzima, na saa hiyo haitalipwa na kitu chochote.

Kuhusu chakula, mbwa wa mbio hizi alipopimwa alionekana kutumia takriban kilokalori 11,000 kwa siku katika baridi kali, kiasi kinachozidi mara kadhaa mahitaji ya mtu mzima ingawa mbwa huyo ana uzito wa nusu ya mtu au chini yake. Kiasi hicho hakiwezi kutoka kwenye nafaka. Mafuta ndiyo yawe chanzo kikuu cha nguvu, nayo yaongezwe taratibu kadiri mazoezi yanavyoongezeka, la sivyo mbwa ataharisha. Protini isipunguzwe, maana mbwa wa mazoezi wanaolishwa protini kidogo wameonekana kuumia zaidi. Chakula kikavu cha hali ya juu huchanganywa na nyama ya ng'ombe, samaki aina ya samoni, ngozi za kuku, na pengine nyama ya biva, mnyama wa mitoni wa jamii ya panya, ambayo mbwa aliyekataa kila kitu huenda akaikubali. Njiani wapewe vipande vidogo vilivyogandishwa kila baada ya saa mbili hivi. Maji yatiwe ladha ya nyama, kwa sababu mbwa wengi hawanywi maji matupu penye baridi, na anayekula theluji hapati ya kumtosha. Kukagua upungufu wa maji, vuta ngozi ya begani: isiporudi upesi, timu isiondoke. Mkojo wa rangi ya kahawia ni dalili ya kuharibika kwa misuli, na kinyesi cheusi huashiria vidonda vya tumbo, ambavyo ni vya kawaida kwa mbwa wanaofanya kazi nzito kiasi hiki; yote mawili ni ya daktari wa mifugo, si ya dereva.

Soksi za miguuni, zinazoshonwa kwa kitambaa kigumu cha nailoni, hulinda nyayo dhidi ya barafu na theluji yenye chembe kali, na timu moja inaweza kumaliza zaidi ya 1,000 katika Iditarod. Zikibana sana huzuia damu, zikilegea hupotea. Hakuna siri nyingine hapa isipokuwa mazoea ya vidole vilivyo uchi kwenye baridi.

Mbwa wa mbele hawatengenezwi kwa nguvu. Mfugaji huwajaribu vijana mmoja mmoja kando ya kiongozi mkongwe, akaangalia ni nani anayesikiliza na ni nani anayebebwa tu. Amri zilizozoeleka Alaska ni “gee” kwa kulia, “haw” kwa kushoto na “whoa” kwa kusimama, na hii ya mwisho huokoa maisha timu inapokutana na moose, mnyama wa jamii ya kulungu anayeweza kuwa na uzito wa kilo zaidi ya 500 na ambaye hukataa kuiacha njia iliyoshindiliwa. Mwaka 1985 mnyama mmoja aliwaua mbwa wawili wa Butcher na kumtoa mashindanoni. Kila timu iwe na viongozi kadhaa, kwa kuwa kukabili upepo wa pwani ya Bering humchosha kiongozi akilini kabla ya miguuni, naye anapaswa kurudishwa katikati ya timu kabla hajakataa.

Januari hutumika kwa mashindano ya kilomita 480 hivi, kama Copper Basin 300 na Kuskokwim 300, ambayo hudhihirisha nani anakula katikati ya kelele za timu nyingine. Dereva Lance Mackey alishinda Yukon Quest, mbio nyingine ndefu za sleji, na Iditarod mwaka 2007, wiki chache tu baina yake, akiwatumia kwa sehemu kubwa mbwa walewale, jambo lisilowezekana kwa mbwa wasiojua kujirudishia nguvu. Katika wiki mbili za mwisho punguza umbali na uongeze chakula. Kabla ya mbio kuanza, madaktari wa mashindano hupima damu na umeme wa moyo wa kila mbwa.

Mbio zikianza, hakuna mbwa mpya anayeweza kuongezwa, lakini anayechechemea anaweza kuachwa kituoni, naye husafirishwa kwa ndege ndogo. Kanuni zinataka angalau mbwa 5 wavuke mstari wa mwisho. Mbwa wamekufa katika mashindano haya, na lawama za watetezi wa wanyama hazijatoka hewani. Kwa hiyo unapokuwa na shaka kuhusu mbwa mmoja, mwache kituo hiki, usingoje kijacho, na umwandikie daktari katika daftari la timu ni mguu upi na tangu saa ngapi.