Kidonge Kimoja, Dawa Tatu: Kutumia ARV kwa Usalama Ukiwa Ughaibuni

Anayeishi na VVU leo akimeza kidonge kimoja kwa siku ana nafuu ambayo waliomtangulia hawakuipata, maana wao walimeza vidonge vingi kwa saa tofauti na kwa masharti magumu. Wepesi huo, hata hivyo, humsahaulisha mtu kwamba ndani ya kidonge hicho kimoja zimeunganishwa dawa mbili au tatu, na kila moja ina kazi yake na tahadhari zake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatafsiria watu wa kwetu wanapoonana na madaktari ughaibuni, na nimeona kwamba makosa ya hatari mara nyingi hayatokani na uzembe, bali na mtu kukijua kidonge chake kwa rangi na ukubwa tu. Daktari wa nchi nyingine akiambiwa "kile cheupe kikubwa" hawezi kufanya lolote na maelezo hayo.

Ikiwa ulianza matibabu Kenya, Tanzania au Uganda katika miaka ya karibuni, huenda unatumia TLD, yaani tenofovir disoproxil fumarate miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Chukua kopo lako, usome maandishi madogo yaliyo kwenye lebo, kisha uyapige picha na kuihifadhi mahali unapoweza kuifikia hata kopo likipotea. Ughaibuni huenda ukabadilishiwa dawa na kupewa Biktarvy, yenye bictegravir miligramu 50, emtricitabine miligramu 200 na tenofovir alafenamide miligramu 25. Au Dovato, yenye dolutegravir na lamivudine bila tenofovir. Au Triumeq, ambayo ndani yake mna abacavir. Nimewasikia watu wakihofu kwamba miligramu 25 za tenofovir ni dawa dhaifu ikilinganishwa na zile 300 walizozizoea. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa tenofovir ya aina hii ya pili huingia ndani ya seli kwa ufanisi mkubwa zaidi, na ndiyo sababu dozi yake ni ndogo.

Mabadiliko haya yana mitego miwili ambayo ni lazima uijue. Mtego wa kwanza ni kumeza dawa mpya huku ukiendelea na ile uliyotoka nayo nyumbani, kwa kudhani kwamba ni dawa tofauti kwa sababu makopo yana majina tofauti. Ukipewa kidonge kipya, muulize mfamasia waziwazi kama kinachukua nafasi ya kile cha zamani, na kama jibu ni ndiyo, acha cha zamani siku ileile unayoanza kipya. Mtego wa pili ni homa ya ini aina ya B. Tenofovir na lamivudine hudhibiti pia virusi vya ugonjwa huo, kwa hiyo mtu aliye navyo akiondolewa tenofovir pasipo mpango, ini lake linaweza kuvimba ghafla na kumletea hatari ya kifo. Kabla ya kukubali dawa isiyo na tenofovir, hakikisha umepimwa homa ya ini B na umeyaona majibu. Kwa abacavir kuna kipimo kingine cha damu, HLA-B*57:01, ambacho hufanywa kabla ya dozi ya kwanza ili kujua kama mwili wako unaweza kuikataa dawa hiyo kwa ukali; mtu aliyewahi kupata mzio wa abacavir hapaswi kuirudia tena maishani.

Jambo ninalotamani lingesemwa kwa sauti zaidi katika vyumba vya madaktari ni habari ya vidonge vya dukani. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa hajakosa dozi hata siku moja, lakini vipimo vikaonyesha kwamba wingi wa virusi umeanza kupanda. Daktari alimuuliza mara tatu kama anaruka siku, naye akajibu mara tatu kwamba haruki, na machozi yakaanza kumlengalenga kwa kuona haaminiwi. Nilipomwomba atoe kila kitu anachomeza asubuhi, alifungua mkoba akaweka mezani kopo la ARV, vidonge vya madini ya chuma na vile vya kutafuna vya kutuliza kiungulia, akaeleza kwamba huvitumia vyote pamoja saa moja asubuhi, kabla ya kula, ili asisahau hata kimoja. Bidii yake ndiyo iliyokuwa ikimdhuru. Dolutegravir na bictegravir hushikamana tumboni na madini ya magnesiamu, alumini, chuma, kalsiamu na zinki, na dawa iliyoshikwa hivyo haiingii kwenye damu ipasavyo. Kwa dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, meza ARV saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Kwa kalsiamu na madini ya chuma unaweza kufuata mpangilio huohuo, au ukavimeza pamoja na ARV wakati wa mlo, lakini si tumbo likiwa tupu. Multivitamini nazo zina madini hayo, ingawa wengi huziona kama chakula tu.

Dawa za hospitali nazo zinahitaji uangalifu. Dolutegravir huongeza kiasi cha metformin mwilini, kwa hiyo mwenye kisukari huwekewa kikomo, kwa kawaida miligramu 1000 za metformin kwa siku. Rifampicin, inayotibu kifua kikuu, huipunguza dolutegravir kiasi kwamba dozi hulazimika kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku, na Biktarvy haitumiki kabisa pamoja nayo. Nchi nyingi huwapima wahamiaji kifua kikuu, na kliniki ya kifua kikuu aghalabu si ile inayokupa ARV, hivyo usidhani kwamba wahudumu wake wanajua unatumia nini. Dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin zina tatizo la namna hiyo. Na ikiwa kidonge chako kina cobicistat, yaani dawa inayoongeza kiwango cha ARV nyingine mwilini, waeleze wahudumu kabla hujachomwa sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya maungo au kupewa ya kupuliza puani, kwa sababu cobicistat huifanya steroidi ijikusanye mwilini.

Kuhusu saa, kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Mtu akimwambia mkalimani asiye mzoefu kwamba anakunywa dawa saa tatu usiku, daktari anaweza kuandika saa tisa za usiku wa manane, kwa kuwa wenzetu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na saa sita mchana. Taja kwa tarakimu, 21:00, nao utata utakwisha. Ukisafiri, simu hubadilisha saa yenyewe mara ndege inapotua, na kengele yako hulia kwa saa za huko. Saa tatu usiku ya Dar es Salaam ni saa saba au saa nane mchana mjini New York, kutegemea majira. Ukitaka kuhamia saa mpya, ni heri dozi ya kwanza iwahi kwa saa chache kuliko ichelewe. Wengi hubaki na dozi ya usiku kwa mazoea ya efavirenz, ARV ya zamani iliyoleta kizunguzungu. Dolutegravir yaweza kumezwa wakati wowote, na ikikunyima usingizi, ihamishie asubuhi.

Ukisahau dozi ya dolutegravir, imeze mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki saa nne au pungufu kufikia dozi inayofuata. Usimeze vidonge viwili kufidia. Usimgawie ndugu vidonge vyako, hata kama vyake vimechelewa, kwani wote wawili mtapungukiwa. Ukiacha dawa, virusi hurudi kwa kawaida ndani ya wiki chache, na usugu wa virusi dhidi ya dawa huweza kufuata.

Tenofovir huchujwa na figo, kwa hiyo epuka kutumia diclofenac au ibuprofen kwa muda mrefu bila ushauri. Dolutegravir yenyewe hupandisha kidogo kipimo cha kreatinini, kinachotumiwa kuangalia kazi ya figo, bila kuzidhuru, jambo ambalo daktari asiyekufahamu anaweza kulitafsiri vibaya kama hana vipimo vyako vya awali. Ndiyo maana barua ya rufaa kutoka kliniki ya nyumbani, yenye majina ya dawa zote ulizowahi kutumia, wingi wa virusi wa mwisho na majibu ya homa ya ini, ni hati ya kubeba pamoja na pasipoti, kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo.

Kwa walio England, matibabu ya VVU hayalipiwi na mtu yeyote tangu Oktoba 2012, bila kujali hali yake ya uhamiaji. Marekani, mpango wa Ryan White huwasaidia wasio na bima ya kutosha. Yeyote anayeona vidonge vyake vimebaki vya wiki tatu naye hajapata kliniki, na aulize wiki hiyohiyo, kwa sababu miadi ya kwanza huweza kuchukua muda kupatikana.