Kausha kwanza, ndipo upime kwa heliamu
Kifaa cha mfumo wa ombwe (nafasi iliyoondolewa hewa) au cha kinu cha nyuklia kilichooshwa, au kilichojaribiwa kwa shinikizo la maji, kisipimwe uvujaji kwa heliamu kabla hakijakauka kabisa, kwa sababu maji huziba matundu membamba na kipimo kikaonyesha usalama ambao haupo. Ikiwezekana, jaribio la heliamu litangulie lile la maji. Unapopuliza heliamu nje ya kifaa, anzia juu ukishuka, kidogo kidogo, kwani ni nyepesi kuliko hewa na hupanda yenyewe hadi kwenye viungo ambavyo hukukusudia kuvipima. Ishara ya kitambua-heliamu inayopanda polepole kwa dakika kadhaa, hasa penye oringi (pete za kuzibia viungo) za mpira, mara nyingi ni heliamu inayopenya kwenye mpira wenyewe, wala si ufa.