Kabla hujaenda likizo, weka haya sawa kazini

Soma fomu yako ya likizo: tarehe ya kuripoti ni ipi? Siku 28 unazopewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinahesabiwa mfululizo, sikukuu zikiwemo. Usije kujiongezea Pasaka.

Usikate tiketi ya kufika Dar usiku wa kuamkia kazini. Ukiweza kukubaliana na mwajiri, bakiza siku mbili tatu za likizo.

Ruhusa ya dharura isikudanganye. Zile siku nne zenye malipo ni za mtoto kuugua au msiba wa ndugu wa karibu. Barabara kukatika haimo. Siku utakazokwama, ama zinakatwa kwenye likizo iliyobaki, ama mnaelewana ziwe bila malipo.

Na maelewano hayo yawe ya maandishi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi pale Somanga, mwenzetu wa ghalani alikuwa njiani akitokea Mtwara. Akampigia msimamizi, akajibiwa, "Pole mzee, ukifika tutaongea." Akatulia. Kufika, anakuta barua ya kujieleza: utoro kazini. Msimamizi naye eti hakumbuki simu yoyote. Kanuni za ajira za 2007 zinasema ukikosekana zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kuridhisha, unaweza kuachishwa. Sababu alikuwa nayo, nchi nzima iliiona kwenye taarifa ya habari, lakini nani athibitishe kwamba yeye alikuwa kwenye foleni ile? Kilichomsaidia ni tiketi, ambayo kondakta alimwandikia kwa nyuma tarehe na mahali gari lilipokwama, na picha ya malori aliyomtumia mkewe. Akaponea kwa onyo. Siku zile hakulipwa.

Kwa hiyo tuma ujumbe kwa msimamizi na ofisi ya utumishi kabla ya saa ya kuingia kazini: uko wapi, kimetokea nini, unaomba siku zihesabiwe vipi. Kesho yake tuma tena. Wakikuachisha hata hivyo, una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, usizimalize kwa kubembeleza ofisini.

Mengine unayajua: simu iwe na chaji, nauli ya akiba isiguswe, dawa zizidi siku za safari. Na funguo za stoo usisafiri nazo.