Kaa huyu ni wa familia gani? Anza na miguu ya nyuma

Watu wa Kisumu, ukipata kaa amenaswa kwa nyavu pale Dunga usikimbilie rangi. Rangi inadanganya sana, kaa yule yule akibadilisha gamba anakaa mwingine kabisa. Angalia umbo.

Mshike kwa nyuma, kidole gumba upande mmoja wa gamba na kidole kingine upande ule mwingine, hapo magando hayakufikii. Hesabu miguu kwanza. Kaa wa kweli ana magando mawili na miguu minne kila upande. Ukiona mitatu tu na hakuna uliokatika, huyo si kaa wa kweli, wale wa familia ya Porcellanidae wa baharini wako hivo, jozi ya mwisho ya miguu ni ndogo sana na wameificha.

Alafu jozi ya mwisho, hii ndio inamaliza ubishi mwingi. Ncha ikiwa bapa kama kafi, sana sana huyo ni Portunidae, waogeleaji, na yule kaa mkubwa wa mikoko wanapika Mombasa ako hapo. Kama miguu yote imechongoka, enda kwa macho. Macho yako juu ya vijiti virefu na anakimbia mchangani ni Ocypodidae, hata wale dume ana gando moja kubwa ajabu ni wa hapo. Gamba la mraba, bapa, macho kwa kona na anapenda mawe ni Grapsidae.

Sasa huku kwetu: kaa wa Ziwa Victoria na wa mito ya Kakamega mpaka Elgon ni Potamonautidae, so familia ushapata, kazi imebaki spishi, yaani ni aina gani hasa ndani ya hiyo familia. Pitisha kidole pole pole kwa ukingo wa gamba kuanzia karibu na jicho ukirudi nyuma. Ukisikia miba imejipanga, sana sana huyo ni Potamonautes niloticus.

Mgeuze pia. Tumbo limekunjwa chini, jembamba ni dume, pana ni jike. Inua la jike taratibu, saa zingine utakuta vitoto vimeshikilia pale, vimeumbika kabisa na miguu yote, na hiyo huwezi ona kwa Portunidae juu mayai yao yanatoa viluwiluwi vya kuelea baharini. Ukimpata na vitoto mrudishe majini haraka tafadhali, lakini piga picha kwanza: juu, usoni, chini.