Jinsi ya Kuchagua Jozi ya Chatu-Mpira wa Kuzalisha: Jike Kwanza, Rangi Mwisho

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kuzalisha chatu huanza kwa kunitumia picha. Nyoka mweupe mwenye mabaka ya dhahabu, bei imeandikwa pembeni, na swali ni lile lile: "Nimchukue?" Nami humrudishia maswali. Ana gramu ngapi? Alikula lini mara ya mwisho? Mama yake ni yupi? Rangi naifikia mwisho kabisa, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Ninayemzungumzia ni chatu-mpira, ambaye kwa jina la kisayansi ni Python regius. Asili yake ni ukanda wa nyasi unaoanzia Senegal hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Si wale chatu wetu wa Afrika Mashariki wanaoweza kupita mita nne na kumeza swala. Huyu dume wake mzima huwa na sentimita 90 hadi 120, jike 120 hadi 150. Hana sumu, na akiogopa hujikunja akaficha kichwa katikati ya mwili. Ndiyo maana Ulaya na Marekani anafugwa nyumbani kuliko chatu wengine wote.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya sheria na ya watoto wa baadaye

Kama unasoma ukiwa Kenya au Tanzania, usinunue chochote kwanza. Kenya ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania ina ya mwaka 2009, na zote zinataka kibali kabla hujamiliki mnyama wa namna hii. Kwa walio Ulaya, chatu-mpira yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo muuzaji akupe hati inayoonyesha nyoka alikotoka. Asiye na hati, mwache na nyoka wake.

Halafu jiulize: mayai sita yakianguliwa, watoto wataenda kwa nani? Wenye rangi ya kawaida hawana soko la maana siku hizi, na nyoka huyu akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 30. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, jike mmoja aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai saba, na hakuwa amekaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Unaponunua jozi, unanunua kazi ya nusu ya maisha yako.

Hatua ya 2: Tafuta jike kabla ya kuwaza dume

Jike ndiye anayebeba mzigo wote. Atajenga mayai kutoka mwilini mwake, atayataga, na ukimwachia atayazungushia mwili na kuyaatamia bila kula. Akimaliza msimu amepoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Kwa hiyo usimpime kwa sura, mpime kwa mizani. Kiwango changu ni gramu 1,500 na umri wa miaka mitatu, vyote viwili kwa pamoja. Kuna wauzaji wanaomlisha jike kwa fujo hadi afike gramu 1,500 akiwa na mwaka mmoja na nusu, kisha wanakuambia "yuko tayari." Huyo ana mafuta tu, mwili wake haujakomaa.

Namna ya kutofautisha: mtazame kwa juu, kisha hisi mgongo wake kwa vidole. Mwili mzuri ukiukata kwa mawazo unafanana na kipande cha boflo, chini bapa, juu umeinuka kidogo. Uti wa mgongo ukichomoza kama ukingo, amekonda. Mwili ukiwa duara kabisa, na ngozi katikati ya magamba inaonekana hata akiwa ametulia, amenenepa kupita kiasi, na majike wanene huwa na matatizo ya kutaga.

Omba kumbukumbu za ulishaji. Mfugaji makini ana kadi au programu ya simu inayoonyesha tarehe, aina ya panya, uzito wa nyoka, na siku alipojivua gamba. Ninachotafuta humo ni jike anayekula panya waliogandishwa na kuyeyushwa, anayerudi kula haraka baada ya mapumziko. Chatu-mpira ni maarufu kwa kususa chakula, na miezi miwili mitatu ya kususa wakati wa baridi hainitishi. Kinachonitisha ni anayesusa wakati wa joto, au anayekula kipanya hai tu na kukataa kingine chochote. Kama ameshataga, uliza mayai yalikuwa mangapi na mangapi yalianguliwa. Sita ni idadi ya kawaida, lakini jike anayetaga manne yote mazuri ni bora kuliko anayetaga tisa yenye nusu ya viza.

Kuhusu alikozaliwa: chukua aliyezaliwa kwenye ufugaji. Maelfu ya chatu-mpira husafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana, wengi wao wakiwa watoto walioanguliwa kutoka kwa majike wenye mayai waliokamatwa porini. Wapo wazuri, sikatai. Ila mtu mzima aliyekamatwa porini mara nyingi huja na kupe na minyoo, na anaweza kususa chakula kwa muda mrefu sana. Kwa jozi yako ya kwanza usijitafutie balaa hilo.

Hatua ya 3: Sasa dume, kutoka kwa mfugaji mwingine

Maonyesho makubwa ya reptilia kama Terraristika ya Hamm, Ujerumani, yamejaa vibao vyenye namba za ajabu. 1.0 ni dume mmoja, 0.1 ni jike mmoja, 1.1 ni jozi, na 0.0.3 ni watatu ambao jinsia yao haijajulikana. Ukiona 1.1 kwa bei ya kutupa, uliza kama ni ndugu wa mayai ya pamoja. Mara nyingi ndivyo walivyo. Usiwachukue kwa ajili ya kuzalisha.

Isitoshe, kununua jozi ya umri mmoja hakuna faida. Dume huweza kupanda akiwa na mwaka mmoja na gramu 600 au 700, ilhali jike bado ana miaka miwili ya kusubiri. Nunua jike leo, dume mwakani. Dume mdogo hana shida yoyote na jike mkubwa.

Kwa dume, ninachopima ni hamu ya kula na uchangamfu. Madume wengi huacha kula msimu wa kupandana ukianza, kwa hiyo unataka anayeingia msimu huo akiwa na akiba mwilini.

Hatua ya 4: Hakikisha jinsia, usikubali neno la mdomo

Kuna vikucha viwili vidogo pembeni ya tundu la haja, mabaki ya miguu ya nyuma. Watu hudai vikubwa ni vya dume. Usiamini, majike nao wanavyo na hukua.

Kipimo cha kuaminika kwa mkubwa ni kijiti chembamba cha chuma kinachopakwa kilainishi na kuingizwa taratibu kuelekea mkiani. Kwa jike kinaishia kwenye gamba la pili hadi la nne, kwa dume kinapita saba na kuendelea. Afanye mzoefu au daktari wa wanyama mbele yako. Mkono mzito unaweza kumjeruhi dume akawa hana faida tena.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa mkononi

Mchukue mwenyewe. Nyoka mwenye afya hukushika. Hujizungusha mkononi na unahisi nguvu. Anayening'inia kama kamba ana tatizo.

Pitisha kidole gumba mgongoni kuanzia shingoni hadi mkiani, ukitafuta kona au kifundo. Mgeuze uone tumbo: magamba mekundu au yenye malengelenge ni dalili ya kukaa kwenye unyevu mchafu. Tazama pembezoni mwa macho na chini ya kidevu kama kuna vidoa vyeusi vinavyotembea. Huo ni utitiri, na ukiuingiza nyumbani utautafuta mwaka mzima. Mfugaji afungue mdomo wa nyoka: ndani pawe na rangi ya waridi iliyofifia, pasiwe na mapovu, usaha wala ute unaovutika. Sogeza sikio. Ukisikia mluzi au mkwaruzo kila anapopumua, mrudishe, nenda ukanawe mikono kabla hujamgusa mwingine.

Mwisho muweke juu ya meza na umgeuze chali polepole. Anapaswa kujigeuza mara moja. Akichelewa, akizungusha kichwa kama anayetafuta kitu hewani, au akiangalia juu tu, kuna hitilafu kwenye mishipa ya fahamu, ama ya ugonjwa ama ya kurithi. Hilo la kurithi ndilo linatupeleka kwenye rangi.

Hatua ya 6: Rangi na jeni

Tangu Bob Clark wa Marekani alipozalisha albino wa kwanza wa chatu-mpira mwaka 1992, na Peter Kahl akafuata na Piebald, yule mwenye mabaka meupe, mwaka 1997, rangi zimezuka bila kikomo. Huna haja ya kuzijua zote. Jua zipi za kukwepa.

Spider, kama majina mengine utakayoyaona hapa chini, ni jina la rangi na jeni inayoileta, nayo ni ya kwanza. Kila anayebeba jeni hiyo ana tatizo la kutikisa kichwa na kupoteza mwelekeo, wengine kidogo, wengine hadi wanashindwa kukamata chakula. Muuzaji atakuambia "huyu wangu hatikisi." Watoto wake watakaoirithi watatikisa. Nchini Uingereza, International Herpetological Society, chama cha wapenzi wa reptilia, iliwaondoa Spider kwenye maonyesho yake, na mimi naona ilifanya sawa. Champagne na Hidden Gene Woma nazo zina matatizo ya jamii hiyo. Desert ni nzuri machoni, lakini majike wake hushindwa kuzaa au hukwama na mayai. Cinnamon na Black Pastel hazina neno zikiwa moja moja, ila usiwapandishe wao kwa wao: watoto wenye jeni mbili hutoka na migongo iliyopinda na pua fupi. Lesser kwa Lesser hutoa watoto weupe wenye macho ya buluu, ambao wengine macho huwa yamewatoka. Mchanganyiko wa Lesser na Mojave hutoa weupe ule ule bila hilo.

Sasa hesabu. Piebald ni jeni fiche: mtoto lazima aipate kwa baba na kwa mama ndipo ionekane. Ukipandisha wabebaji wawili, yaani nyoka wenye nakala moja tu ya jeni hiyo bila rangi yenyewe kuonekana, kila yai lina nafasi moja kati ya nne. Kwa mayai sita, kuna uwezekano wa asilimia 18 hivi usipate Piebald hata mmoja, baada ya kusubiri miaka mitatu! Dume akiwa Piebald mwenyewe na jike akiwa mbebaji, nafasi inakuwa nusu kwa kila yai, na uwezekano wa kuambulia patupu unashuka chini ya asilimia 2.

Ndiyo sababu nawashauri watu hivi: fedha za rangi ziende kwa dume, fedha za afya ziende kwa jike. Dume mmoja atawahudumia majike kadhaa baadaye, na jeni zake zitasambaa. Jike mbebaji mwenye sura ya kawaida, mzito, mlaji, ni bei nafuu na ndiye injini ya kazi yote.

Angalia tu neno "huenda ni mbebaji, asilimia 66." Maana yake wazazi wote wawili walikuwa wabebaji, naye ametoka na rangi ya kawaida, kwa hiyo ana nafasi mbili kati ya tatu. Asilimia 50 maana yake mzazi mmoja tu ndiye mbebaji. Hiyo ni bahati nasibu, usiilipie bei ya mbebaji wa uhakika.

Banana, rangi nyingine, ina mchezo wake. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba chatu wana kromosomu za X na Y, zinazoamua jinsia, na jeni ya Banana imekaa huko. Dume aliyeirithi kwa baba huwapa karibu wanawe wote wa kiume tu, aliyeirithi kwa mama huwapa wa kike. Muulize muuzaji ni yupi. Asiyejua hakuzalisha nyoka huyo mwenyewe.

Hatua ya 7: Karantini

Siku 90, chumba tofauti, karatasi nyeupe badala ya matandiko ili uone kinyesi na utitiri. Koleo na vyombo vya maji visivuke mlango. Wahudumie wageni mwisho, baada ya nyoka wako wa zamani.

Katika muda huo chukua sampuli ya mdomoni kwa kijiti cha pamba upeleke maabara kupima nidovirusi, ambayo tangu mwaka 2014 inajulikana kuwaua chatu-mpira kwa ugonjwa wa mapafu. Rudia kipimo kabla siku hazijaisha, kwani nyoka anaweza kubeba virusi bila dalili na kipimo kimoja kisimnase.

Hatua ya 8: Kabla ya kuwakutanisha

Usiwafuge boksi moja. Hawahitaji rafiki, wakikaa pamoja mmoja humnyima mwenzake sehemu yenye joto, na chakula huwa ugomvi. Kila mmoja awe na lake, na dume aingizwe kwa jike msimu ukifika. Sisi wa kaskazini mwa dunia huanza Novemba hivi hadi Machi.

Mpime jike wiki hiyo hiyo. Akiwa chini ya gramu 1,500, au amejivua gamba vipande vipande, au amesusa milo ya karibuni, msimu huu umempita. Akiwa sawa, mwingize dume jioni, waache siku mbili au tatu bila chakula, kisha watenganishe na umpe jike panya. Akikubali kula, rudia baada ya wiki mbili. Akikataa kula na katikati ya mwili wake panavimba, andika tarehe na uanze kuandaa mashine ya kuangulia: joto la nyuzi 31 hadi 32, na takribani siku 55 hadi 60 tangu mayai yatagwe.